Chapati za Ndengu Katika Kibuyu cha Susu

Ijumaa ile jioni, binamu yangu aliposhika kibuyu cha Susu kwa mikono miwili na kuniambia, "Mimina humu, kesho utanishukuru," nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ningeweza kulisema kwa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Badala yake niliuliza, "Kitatosha?" Nikainua sufuria, nikamimina.

Kwa miaka mingi nilipenda kusema kwamba wazo lilikuwa la binamu. Ni kweli, lilikuwa lake. Lakini mikono iliyomimina ilikuwa yangu, na mdomo ulionyamaza kesho yake ulikuwa wangu pia.

Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu, na nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko juu ya Tawa, mahali ambapo ukiangusha sufuria unaikuta kwa jirani. Mimi nilipewa jina la marehemu mume wake, na kwetu mjukuu akishabeba jina la babu, kwa nyanya yake yeye ni mume. Ni mzaha, lakini nimeona ndoa za kanisani zilizochukuliwa kwa uzito mdogo kuliko mzaha huo. Nilipokuwa na miaka sita nikachomwa na mwiba, alinikalisha chini akautoa kwa sindano huku akilalamika kwa sauti ya kusikika bondeni: "Tazameni mume niliyepewa! Waume wa wenzangu wananunua ng'ombe, wangu analilia mwiba!"

"Nyamaza, mke wangu," nilimjibu, kama nilivyofundishwa na baba.

"Sinyamazi. Kuni zimeisha, paa linavuja, na wewe unalia. Nitarudi kwetu."

Hakurudi kwao. Nilipokwenda shule ya bweni aliwaambia majirani kwamba mumewe amemtoroka. Nilipoanza kuandikiana barua na msichana mmoja wa Mbooni, alidai aletwe akaguliwe kwa sababu hawezi kukubali mke mwenza asiyejua kupalilia. Baba na mama waliniita kwa jina langu. Susu hakuwahi kulitumia. Kwake nilikuwa mume wangu, na basi.

Katika ujana wake, na katika uzee wake pia, Susu alikuwa mpishi wa uki, pombe yetu ya asali, na alisifika kwa kazi hiyo. Watu walitoka mpaka Matiliku kuja kuonja, na wengine walihitaji siku mbili kurudi. Kisha rafiki zake wakaanza kuokoka mmoja mmoja, mpaka Jumapili ukifika kwake unamkuta anaongea na mbuzi. Ndipo naye akaenda kanisani. Wengine walisema alifuata maongezi tu. Mimi aliniambia sababu yake siku moja tukiwa tunapepeta mbaazi.

"Nimekuwa binti wa fulani," alisema. "Halafu nikawa mke wa fulani. Halafu mama wa fulani. Majina yote hayo ni ya watu wengine. Kwenye ubatizo mtu anachagua lake mwenyewe. Mimi nimeshachagua."

"Lipi?"

Alitazama huku na huku kana kwamba mbaazi zina masikio, akaninong'oneza. Lilikuwa jina la mwanamke katika Agano la Kale, refu kidogo, na alilitamka polepole kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Ukimwambia mtu," alisema, "utalala na mbuzi, mume au si mume."

Sijamwambia mtu. Hata hapa sitaliandika.

Kanisa letu halikuwa na haraka na watu wazima, hasa waliokuwa wapishi wa uki. Alikaa katika darasa la ubatizo miaka miwili, akikariri maandiko pamoja na watoto waliokuwa wanamsaidia alipokwama. Alivunja mitungi yake mbele ya wazee wa kanisa, na kila mtungi aliupa pole kabla ya kuuvunja. Kibuyu kimoja tu aliruhusiwa kubaki nacho, kikubwa, chenye tumbo kama la chifu, kwa sababu kilitoka kwa mama yake. Alikiosha, akakikausha juani, akasema kitakuwa cha kuwekea mbegu za ndengu. Kilichobaki ilikuwa wazee waje nyumbani kwake wasikie ushuhuda wake, wale chakula chake, watazame pembe za nyumba, na Jumapili ya wiki inayofuata abatizwe bwawani. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa. Lilining'inia kwenye msumari ukutani, na kila mgeni alionyeshwa.

Mimi wakati huo, miaka michache baada ya uhuru, nilikuwa Kitui mjini. Nilikuwa nauza katika duka la familia moja ya Kihindi, nikipima vitambaa kwa mbele na mafuta ya taa kwa nyuma, na kuomba Mungu nisichanganye. Mama wa duka lile alikuwa na jikoni uani, na harufu iliyotoka huko ilinipa makosa mengi ya kupima. Mwishowe alinihurumia, au alihurumia vitambaa, akaniita nimsaidie kusaga.

Ndipo nilipojifunza zile chapati. Aliloweka ndengu zilizokobolewa, akatia konzi moja ya mchele na mbegu chache za uwatu. Baada ya kulowana vizuri tulizisaga mpaka zikawa rojo zito, laini kama maziwa mgando. Alitia chumvi, akafunika, akaliacha mpaka kesho. Joto la Kitui lilifanya mengine yote. Asubuhi rojo lilikuwa limeumuka mpaka linasukuma kifuniko, lina povu na uchachu wa kupendeza. Alichota kwa upawa, akamwaga kwenye kikaango cha chuma, akalizungusha kwa mgongo wa upawa mpaka likawa duara jembamba lenye matundu madogo madogo. Pembeni aliweka mayai ya kuvuruga yenye vitunguu, nyanya, tangawizi, pilipili, manjano na jira, na dania juu yake. Nilikula nne siku ya kwanza. Ya tano niliificha mfukoni, ikanitia doa la mafuta kwenye shati.

"Kuna kitu kimoja tu cha kukumbuka," aliniambia. "Usiharakishe. Hii rojo inajua saa yake. Wewe hujui."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Nilipopata habari kwamba wazee wa kanisa wanakuja kwa Susu, niliomba ruhusa, nikaondoka Kitui na kifurushi cha viungo kilichofungwa katika gazeti kuukuu. Nilifika Alhamisi, nikamkuta Susu amekaa mlangoni ameshika kichwa.

"Mume wangu, tumekwisha," alisema. "Kideri kimepita. Kuku wote wamekufa, wangu na wa majirani. Wazee wanakuja Jumamosi. Niwape nini, manyoya?"

"Mayai je?"

"Mayai yapo, kikapu kizima, niliyaweka kabla ya kideri. Lakini mayai ni chakula cha kumpa mtu wa kanisa? Atasema nimempa kuku ambaye hajaanza."

Nikajitapa. Nilimwambia kwamba mumewe amekuwa mpishi, kwamba Wahindi wenyewe wamemkubali, na kwamba wazee watakula chakula ambacho hakijawahi kuliwa mlimani pale tangu uumbaji. Susu alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Kina nyama?"

"Hakina."

"Kina ugali?"

"Hakina."

"Basi ni chakula cha mgonjwa," alisema. Lakini alikwenda kuleta ndengu.

Nililoweka jioni ile ile. Ijumaa alfajiri nilisaga kwenye jiwe lake, nimepiga magoti, na wanawake waliopita kwenda mtoni walisimama kuangalia. "Susu, umeolewa vizuri!" mmoja alisema. "Wangu hata jiwe halijui liko wapi!" Susu alijibu kwa majivuno kwamba amemfundisha kwa fimbo. Nilisaga mpaka saa tatu, laini kabisa, bila punje. Nilitia chumvi, nikafunika, nikaketi kusubiri.

Sasa, Kitui mjini ni tanuri. Lakini milima ya juu ya Tawa katika mwezi wa saba ina ukungu mpaka saa sita, na baridi ya kufanya ng'ombe wakasirike. Saa nane nilifunua: kimya. Saa kumi nilifunua tena, nikainamia karibu kama daktari. Hakuna povu, hakuna uchachu. Rojo lilikuwa limelala vile vile nilivyoliacha, limepoa, na kwa kweli lilionekana kunidharau.

Hapo ndipo binamu yangu alipofika. Alikuwa mtoto wa shangazi, mtu mzima mwenye mke, fundi wa baiskeli sokoni Matiliku, na hakuna kitu alichokiona kimekwama asitake kukitia mkono. Alichungulia sufuria, akachovya kidole, akaramba.

"Imekufa," alisema.

"Haijafa. Inangoja."

"Inangoja nini? Wazee wanakuja kesho saa sita. Utawapa hii? Hii ni uji wa ndengu. Tena baridi." Alitazama juu darini, kwenye moshi, macho yake yakasimama. Kulikuwa na vitu vyeusi vinaning'inia pale, vimekunjamana, vimefunikwa masizi. Mimi nilidhani ni mizizi ya dawa. "Bwana wee," alisema taratibu. "Susu hakuvitoa."

Ilikuwa miatine. Hayo ni matunda makavu ya mti fulani wa mtoni, yanayotiwa kwenye uki ili uchachuke. Mpishi hutumia yale yale miaka na miaka, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyokuwa makali. Haya yalikuwa ya Susu ya miaka arobaini. Alivunja mitungi yote, akasahau kutazama juu.

"Kitu kinachochachusha ni kinachochachusha," alisema binamu. "Asali au ndengu, yenyewe haijui. Tunatia mawili, na asali kidogo ya kuyaamsha, kwenye kibuyu, karibu na moto. Asubuhi tunayatoa. Nani atajua?"

Nilikumbuka yule mama wa Kitui na saa ya rojo. Nilikumbuka pia kwamba mchungaji alikuwa ameahidi kuniletea barua Jumamosi ile, ya kunitambulisha kwa mwalimu mkuu wa shule ya kanisa iliyokuwa na nafasi ya mwalimu. Nilitaka chakula kiwe kizuri. Nilitaka kuonekana. Susu alikuwa kwa jirani, akiazima viti.

Kwa hiyo niliuliza kama kitatosha, nikamimina. Binamu alifunga mdomo wa kibuyu kwa gunzi la mahindi lililozungushiwa kitambaa, tukakificha nyuma ya kuni, karibu na mafiga.

Jumamosi asubuhi niliondoa gunzi, na rojo likanisalimia. Lilikuwa limepanda mpaka shingoni, lina povu kubwa kubwa, linanung'unika kwa ndani. Nilifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani wa mwenzake. Nilitoa miatine, nikaitupa migombani. Nilimimina nusu kwenye sufuria, na ile nusu nyingine, kwa busara zangu zote, nikaiacha ndani kwa ajili ya raundi ya pili. Nikafunga gunzi tena, nikalikaza kwa ngumi.

Wageni walikuwa watatu. Mchungaji alikuwa kijana bado, mgeni wa sehemu zile, aliyezaliwa katika nyumba ya mchungaji, na nadhani hakuwahi kukaribia pombe hata kwa kuikemea. Aliandamana na wazee wawili, mmoja mrefu na mmoja mnene. Hao wawili walikuwa wamekaa juu ya viti vya Susu miaka mingi kabla ya wokovu, kwa shughuli nyingine. Wote walitetemeka kwa baridi.

"Tunaweza kuingia jikoni?" aliuliza mchungaji. "Nje huku tutaganda kabla ya maombi."

Wakaingia jikoni, wakaketi kuzunguka moto. Mchungaji alipewa kiti kizuri, karibu na kuni. Alivua kofia yake, akatafuta msumari, hakuona. Akaona shingo ya kibuyu imechomoza nyuma ya kuni, akaivalisha kofia.

Nikaanza kupika. Nikiri jambo moja kwa niaba ya binamu: chapati zile zilikuwa nzuri kuliko za Kitui. Zilitanda zenyewe, zikajaa matundu, zikawa na rangi ya dhahabu pembeni. Nilizikunja mbili mbili, nikapakua na mayai ya kwanza. Mchungaji aliomba, wakala.

Mzee mrefu alitafuna mara tatu, akasimamisha taya.

"Hii chapati," alisema, "ina kitu."

"Kitu gani?" aliuliza mchungaji.

"Kitu tu. Niongeze moja nichunguze."

"Mimi sionji kitu chochote," alisema mzee mnene haraka, kabla hajaulizwa. "Sijawahi kuonja kitu kama hiki tangu... Sijawahi." Naye akanyoosha sahani.

Chapati iliyopita kwenye kikaango cha moto haiwezi kumlewesha mtu, hilo nilikuja kulithibitisha baadaye. Lakini ulimi una kumbukumbu zake. Wazee wale walikuwa wanakula harufu ya ujana wao. Kufikia ya nne, mzee mrefu alikuwa amefungua kifungo cha shingo. Kufikia ya tano, mnene alikuwa anapiga paja kwa kiganja na kuimba kwa chini wimbo ambao haukuwa wa kitabuni, kisha alipomwona mchungaji anamtazama, akaugeuza katikati ukawa wa Pasaka. Hakuna aliyeweza kusema kilichomo, maana kukitaja ni kukiri unakijua.

"Ndengu za huku zina utamu wa ajabu," alisema mchungaji.

"Ni udongo," alisema mzee mrefu.

"Udongo na ukungu," alisema mnene.

Susu, kama mwenye nyumba, alionja wa mwisho. Nilimwona anang'ata, anatulia. Hakumeza. Aligeuza uso ukutani, akalitoa tonge kwenye kiganja, akaliweka chini ya kigoda chake. Alitazama darini, mahali palipokuwa na mwanya katika masizi. Kisha akaniinamia, kama mtu anayechochea moto.

"Mume wangu," alisema kwa sauti ndogo, "umenipikia nini?"

"Chapati za Kihindi, mke wangu."

"Na Wahindi nao wana miatine?"

Nilivunja mayai mengine.

Mchungaji alijifuta mdomo, akasema sasa tusikie ushuhuda. Susu alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa miaka miwili, na hakubabaika. Alieleza alikotoka, nani alimleta, maandiko gani yalimgusa. Alikariri Zaburi bila kukosea. Wazee walitikisa vichwa, macho yao yakiwa na unyevu, na si wote kwa sababu ya Zaburi.

"Na pombe, mama?" aliuliza mchungaji.

"Nimeacha. Hata tone."

"Na vyombo vyake?"

"Nilivivunja, hawa ni mashahidi. Kimebaki kibuyu kimoja cha mama yangu, cha kuwekea mbegu. Hakijaona uki tangu..."

Kibuyu kilikuwa kimezibwa karibu na moto tangu asubuhi. Nadhani kilimvumilia kadiri kilivyoweza. Kulisikika mlio kama wa gurudumu la lori likipasuka, kofia ya mchungaji ikapaa mpaka darini ikabaki huko, gunzi likampita mzee mnene sikioni, na rojo la ndengu likaruka juu kwa povu, likashuka juu ya mchungaji: kichwani, begani, katika mfuko wa koti. Mzee mrefu alipiga magoti, nadhani alidhani ni kurudi kwa Bwana. Binamu yangu, aliyekuwa mlangoni, alisema amekumbuka baiskeli yake, na hatukumwona tena mpaka mavuno.

Halafu ikaja harufu. Ya kwenye chapati mtu angeweza kuisingizia udongo. Hii haikuwa na la kusingizia. Jikoni pote pakanuka uki.

Mchungaji alijipangusa macho. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. "Mama," alisema, "kibuyu hiki ni cha nani?"

"Ni changu," alisema Susu.

"Umesema hakijaona pombe."

"Nimesema."

"Basi ni nani ametia kitu humu?"

Susu alinigeukia. Hakunikazia macho, hakuninyooshea kidole, alinitazama tu, kama mtu aliyefika kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe na anangoja ufunguliwe. Nikaitazama barua. Kona yake nyeupe ilionekana mfukoni mwa koti la mchungaji, rojo likitiririka taratibu juu yake. Nilichotakiwa kusema ni neno moja: mimi.

"Mayai yataungua," nikasema. Nikageuka kuyavuruga.

Hayo ndiyo maneno pekee niliyoyasema siku ile mbele ya wazee. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko Zaburi yoyote.

"Kibuyu ni changu," alisema Susu mara ya pili, na akaketi.

Waliamua arudi darasani mwaka mwingine mzima. Mchungaji alilitangaza jambo hilo kwa upole, akiwa na povu kwenye nyusi. Wazee wawili walitazama sahani zao, ambazo zilikuwa tupu. Walipoondoka, mchungaji alinipa barua. "Samahani, imeloa kidogo," alisema. Yeye aliniomba mimi samahani.

Nilipoipeleka shuleni Jumatatu, mwalimu mkuu aliisoma, akaigeuza, akainusa. "Imeandikiwa wapi hii?" aliuliza. Lakini nilipata kazi.

Mara mbili nilikwenda mpaka lango la mchungaji nikakusudia kusema, na mara mbili nilirudi. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili hakuwa na wageni. Susu alitoa gauni jeupe msumarini, akalikunja, akaliweka sandukuni. Akarudi kukaa na watoto kukariri yale aliyokwisha kuyakariri, na safari hii yeye ndiye aliyewasaidia wao walipokwama.

Alibatizwa mwaka uliofuata, bwawani, mwezi wa maji mengi. Nilikuwa ukingoni nimevaa tai ya ualimu. Nilikuwa nalingoja lile jina, nimeshalitengenezea tabasamu, kwa sababu ni mimi peke yangu katika umati ule niliyelijua. Mchungaji alimuuliza, naye akalitamka kwa sauti. Halikuwa lile. Lilikuwa jingine kabisa, fupi, la kawaida. Nililisikia kwa mara ya kwanza pamoja na watu wote.

Alipotoka majini nilimpelekea shuka ajifunike. "Karibu, mke wangu," nilimwambia, kwa kutania.

"Asante, Mwalimu," alisema.

Nilidhani ni siku ile tu. Niliendelea kumwita mke wangu mwaka mzima, na yeye kila mara alijibu vizuri, kwa heshima zote, Mwalimu. Hakununa. Hakuwahi kunisema kwa mtu. Nilipooa yule msichana wa Mbooni, Susu alimpokea kwa furaha na kumpa mbuzi, wala hakumwita mke mwenza. Nilimpikia zile chapati mara nyingi, kwa mwendo wake, wakati mwingine nikingoja siku mbili rojo liumuke, na mayai yenye viungo vyote. Alikula, akasifu. "Zimekuwa nzuri, Mwalimu." Mwishowe nami niliacha kumwita mke, kwa sababu mzaha huo unahitaji watu wawili.

Alifariki miaka ya themanini mwanzoni. Siku ya mazishi, baada ya watu kula, nilikaa na wale wazee wawili, sasa wazee kweli kweli, nikawaambia yote: binamu, miatine, asali, gunzi. Mzee mrefu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sisi tulijua," alisema. "Yule mama hakuwahi kusaga kitu laini vile maisha yake yote. Uki wake ulikuwa na makapi, ulikuwa unautafuna."

"Mbona hamkusema?"

"Tungesema tumeijuaje ladha?" alisema mnene. Kisha akaacha kucheka. "Na tulikuwa tunakungoja wewe. Wewe ndiye uliyekuwa umesoma."

Nilifundisha shule ile mpaka nikastaafu, na sikuwahi kukosa mshahara wala heshima. Binamu alisamehewa na kila mtu, hata na kibuyu, maana ndiye aliyekiziba ufa akakirudisha kuwa cha mbegu. Mimi siku ile niliokoa barua moja yenye doa. Susu aliishi miaka kumi na zaidi baada ya hapo, na hakuniita mume wake tena hata mara moja.